Zefania Aliyekula Jua

Itambulike na watu wote, wenyeji kwa wageni, kwamba pombe ya kienyeji si chakula. Haijengi mwili, haitii nguvu kwenye misuli, wala haimfai mtu mwenye njaa kwa namna yoyote ile. Nafaka inayoingia kwenye mtungi wa pombe ni nafaka iliyotupwa. Ndivyo serikali ilivyotamka katika mwaka mmoja wa ukame, miaka michache baada ya vita vya Hitla, na ndivyo Jumbe Alphonce alivyosoma mbele ya baraza lake, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ikungi, akiwa amesimama juu ya sanduku la sabuni ili serikali isikike mpaka nyuma. Kwa hiyo, tangazo liliendelea, ni marufuku kupika pombe mpaka mvua zirudi. Isipokuwa kwa kibali, kwa ajili ya watu wanaolima mashamba ya mihogo ya serikali, maana bila pombe watu hao hawaji.

Hakuna aliyebisha. Hata bila serikali, kila Mnyaturu alijua kwamba pombe hailiwi. Chakula ni ugali. Mtu anaweza kushinda akitafuna karanga, akalamba asali, akamaliza kiazi kizima kilichochomwa majivuni, na jioni ukimuuliza atakuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba tangu asubuhi hajala. Pombe ilikuwa mbali na ugali kuliko hata hicho kiazi. Pombe ilikuwa kazi, ilikuwa harusi, ilikuwa ujirani. Kuiita chakula kungekuwa sawa na kuliita baraza chakula.

Aliyetikisa kichwa kukubali kuliko wote alikuwa Zefania, mume wa Yunisi, aliyekaa mstari wa mbele kwa sababu alikuwa amekwenda vitani.

Vita vyenyewe hakuviona sana; alivisikia. Alikuwa mtoto wa wafugaji, aliyechunga ng'ombe wa baba yake mpaka misheni ilipomtoa porini na kumfundisha kusoma nusu ya kitabu, na kabla hajafika nusu ya pili jeshi likamchukua. Walimpeleka Burma. Kazi yake huko ilikuwa kubeba betri za simu ya upepo. Wenzake walibeba bunduki, yeye alibeba betri, nzito kama ndama, na jioni aliziunganisha kwa waya kwenye injini ndogo na kuzilinda. Hapo ndipo alipoanza kufikiri. Betri ikiishiwa nguvu haipewi ugali. Inawekwa mahali, inatulia kimya, nguvu zinaingia, inashiba. Wala haiachi vyombo vya kuosha.

Kisha malaria ikamlaza katika hospitali ya jeshi huko India, na mfagiaji mmoja wa wodi, kwa Kiingereza ambacho wote wawili walikuwa wanakikisia, akamweleza habari za mtu mmoja wa kijijini kwao ambaye hakuwa ametia chakula kinywani kwa miaka mingi. Kila alfajiri mtu huyo alikaa ukingoni mwa mto, akalitazama jua linavyochomoza, basi, siku yake imekwisha. Zefania hakumwona mtu huyo. Alimwona mtu aliyemwona, na kwa kawaida za kwao hilo lilitosha.

Alirudi nyumbani na koti la jeshi, medali ambayo kila mtu alipewa, na elimu hiyo. Koti lililiwa na mchwa. Medali aliivaa binti yake Dina shingoni mpaka ikapotea kisimani. Elimu ikabaki.

"Hebu niambie," alipenda kumwambia jirani yake Andrea, aliyekua naye tangu utotoni, "mtama unakula nini?"

"Samadi."

"Jua! Mtama unakula jua. Ng'ombe je? Anakula majani, na majani yamekula jua. Sasa mimi nikila ugali, hilo jua limepita kwenye mikono mingapi kabla ya kunifikia? Na kila mkono unachukua chake. Kwa nini nipitie kwa dalali? Naenda mwenyewe dukani."

"Mwaka huu duka lako limejaa," Andrea alimjibu, akitazama mbingu isiyo na hata kipande cha wingu. "Utanenepa wewe."

Na kwa kweli mwaka ule ulikuwa mwaka wa kufaa kwa elimu kama hiyo. Uwele ulikauka ukiwa na urefu wa goti. Mtama ulitoa masuke ya kuhurumiwa. Watu walianza kuhesabu ghalani kwa macho, halafu kwa mikono, halafu wakaacha kuhesabu kwa sababu hesabu ilikuwa fupi mno. Siku moja Yunisi alisonga ugali, na ulipofika mbele ya watu watatu ukaonekana umetayarishwa kwa ajili ya mmoja. Zefania aliutazama, akausogeza kwa Dina.

"Kuleni. Mimi kuanzia kesho naanza jua."

Yunisi alikuwa mwanamke asiyepoteza maneno. "Haya," alisema, akamega.

Kesho yake kabla ya jua kuchomoza Zefania alipanda juu ya tembe. Nyumba za kwao zilikuwa na paa bapa la udongo, kimo cha mtu, mahali pa kuanikia nafaka, na sehemu moja ya paa lake tayari ilikuwa na kimea cha mkewe, yaani mtama uliooteshwa ukaanikwa, tayari kusagwa kwa ajili ya pombe. Zefania alikaa pembeni ya kimea, kifua wazi, uso mashariki, mdomo umefunguliwa kidogo. Kwa mbali usingejua kipi kimeanikwa kwa ajili ya kipi.

Kuhusu kimea hicho, kilikuwa halali. Mashamba ya mihogo yalihitaji walimaji, walimaji walihitaji pombe, na katika upande ule hapakuwa na mpishi wa pombe kama Yunisi. Jumbe Alphonce alimpa kibali na kumletea mtama wa serikali wa kupikia. Ilikuwa pombe nzito, ya kijivu, yenye machicha ambayo ungeweza kusimamisha kijiti ndani yake. Watu walitoka mbali kuja kuilimia. Na kwa kuwa pombe inayopikwa ni lazima ionjwe, na Yunisi mwenyewe alikuwa na mengi ya kufanya, mwonjaji wa nyumba alikuwa Zefania. Alionja asubuhi ilipokuwa bado tamu, akaonja mchana ilipoanza kuuma, akaonja jioni kuhakikisha, na machicha yaliyobaki chini ya mtungi aliyamaliza ili mtungi usichache. Zaidi ya hapo hakutia kitu kinywani. Kutwa nzima alikaa, akanywa, akapigwa na jua.

Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki ya pili walianza kuchungulia. Chungu cha ugali kilichunguzwa, ghala lilichunguzwa, Andrea alijitolea kulala kwao na akashuhudia kwamba hakusikia mtu akitafuna. Mwinjilisti alikuja kumweleza kwamba kufunga ni kwa ajili ya sala. Zefania akamjibu kwa heshima kwamba yeye hafungi, anakula kwingine. Jirani Mwislamu akasema wao nao wanafunga, ila jioni wanafungua. Huyu bwana anafungua lini? Mwezi ukakatika. Zefania hakukonda. Kama kuna badiliko lililoonekana ni kwamba mashavu yalikuwa yamejaa kidogo, na jioni alikuwa mtu wa furaha, mwenye hadithi ndefu za Burma.

Wageni wakaanza kuja. Walisimama chini ya tembe, wakamwinulia shingo, wakamuuliza jua lina ladha gani. "La asubuhi ni laini," aliwaeleza. "La saa sita ni zito, si la kila mtu." Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwinulia Zefania shingo. Jeshini alikuwa mtu wa kubeba, misheni alikuwa mtu wa nusu kitabu. Sasa wazee walimpisha njiani. Hilo nalo lilikuwa chakula cha aina yake, na alilifaidi.

Habari zilifika kwa Bwana Karanga.

Bwana Karanga alikuwa bwana shauri mdogo, yaani Mwingereza msaidizi wa Bwana DC, mgeni wilayani, mwenye jina halisi ambalo hakuna aliyejaribu kulitamka. Aliitwa hivyo kwa sababu hakula kitu kilichopita motoni. Aliamini kwamba vyakula vilivyopikwa ndivyo vinavyowaua Waingereza, na kwamba mtu akitafuna karanga mbichi mpaka ziwe maziwa mdomoni, akaongeza ndimu na jani la kabichi, atafika miaka mia akiwa anaruka mitaro. Mpishi wake alishinda amelala na alikuwa mpishi mwenye furaha kuliko wote mkoani. Bwana Karanga mwenyewe alikuwa mwembamba kama mjeledi, mwema, na mpweke. Wenzake pale Singida Mjini walimkimbia kila alipoanza kueleza tumbo linavyofanya kazi.

Alifika na Jumbe Alphonce, akaangalia juu, na bila kungoja kualikwa akapanda tembe.

"Bwana, polepole!" Yunisi alimpigia kelele kutoka uani. "Hilo ni paa! Na kimea changu hicho!"

Bwana Karanga aliomba radhi, akasogea, akakaa ubavuni mwa Zefania. Kiswahili chake alikuwa amekisomea pwani kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo kilikuwa na adabu nyingi kuliko mazingira.

"Je, ewe Zefania, ni kweli kwamba hutii chakula kinywani mwako?"

"Shikamoo, bwana. Ni kweli."

"Ugali?"

"Tangu mwezi ule, sijauona."

"Nyama? Maziwa?"

"Ng'ombe wenyewe wamekauka, bwana."

"Lakini wanywa."

"Kunywa nakunywa."

"Vema sana. Maji ni lazima," alisema Bwana Karanga, akaendelea na swali lingine. Zefania hakuwa ametaja maji, lakini aliona si adabu kumsahihisha mgeni kwa jambo dogo kama hilo.

Walikaa pale mpaka jua likawa kali. Zefania alimweleza habari za betri. Bwana Karanga alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka kwao. Hatimaye alimshika mkono. "Nilijua," alisema. "Siku zote nilijua."

Aliposhuka alikuwa na mipango. Malori ya mahindi ya msaada yalikuwa yameahidiwa kwa ajili ya upande wote ule, kipimo kwa kila kichwa, mpaka mavuno. Bwana Karanga akamweleza Jumbe kwamba kipimo hicho ni kikubwa mno, kinawadhuru watu, na kwamba atamshauri Bwana DC akikate nusu. Nusu nyingine watu wangefundishwa kuipata wenyewe. Zefania angezunguka kijiji hadi kijiji akiwa mwalimu wa jua.

Jumbe Alphonce alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Alipomsindikiza mgeni akarudi mbio mpaka uani kwa Yunisi.

"Mama Dina, mumeo atatuua."

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Atatuua sote! Mwambie ale."

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Anasema ameshiba."

Jumbe aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Yunisi akampa kata ya pombe, akanywa yote, akaomba ya pili, na baada ya hapo akasema sasa anajisikia nguvu kidogo. Wote wawili hawakuliona hilo kuwa na maana yoyote.

Bwana DC alikuwa mtu mzee kidogo na mwangalifu. Alisoma alichoandikiwa, akaamua kwamba kabla ya kukata nusu ya kitu chochote, mtu huyo aletwe mjini. Akae wiki nzima kwenye ua nyuma ya ofisi, chini ya ulinzi, juani, kinywani maji tu. Akiweza, kipimo kitakatwa kwa watu wote wa upande wake. Asipoweza, malori yataondoka kama yalivyopangwa.

Zefania alipokea habari hizo kama mtu aliyealikwa harusini. Alikuwa na hakika. Mtu ambaye ametimiza zaidi ya mwezi atashindwa na wiki? Jioni kabla ya safari Jumbe alimfuata akamwomba kama rafiki, kisha akamwamuru kama mkubwa wake. Zefania akamjibu kwamba hawezi kudanganya: akijidai ana njaa na hali hana, itakuwa uongo kwa serikali. Hilo lilikuwa kweli, na Jumbe akaenda zake. Andrea yeye alisimama mlangoni na kusema, "Ukifika, lisalimie jua la mjini. Liambie la huku limetumaliza."

Yunisi alimfungia mkeka wake.

"Baba Dina, huko watakupa nini cha kunywa?"

"Maji."

"Maji matupu?"

"Maji. Kwani jua linataka mboga?"

Yunisi alimtazama kama anavyotazama mtungi kabla ya kuununua, akiusikiliza kwa jicho kama una ufa. Angeweza kusema kitu. Lakini Zefania alikuwa na jibu kwa kila mtu, na Yunisi hakuona sababu ya kubishana na mume ambaye siku mbili tatu baadaye angekutana na mbishi mkubwa zaidi.

"Haya," alisema. "Nenda salama."

Ua wenyewe ulikuwa mahali pazuri. Ulizungushiwa miti, ndani mna kibanda, kitanda cha kamba na mtungi wa maji, na ukisimama uliona ziwa Singidani lote, na ukingo wake mweupe wa magadi ukimetameta. Zefania alifurahi mno. Jua lilimpiga kutoka juu, likaanguka ziwani, likaruka, likampiga tena kutoka chini. Alimweleza mlinzi wake, tarishi mmoja mnene aliyeitwa Stefano, kwamba kama angejua mapema angehamia mjini zamani.

Stefano alikuwa mtu mstaarabu. Ulipofika wakati wa chakula alimgeuzia mgongo ili asimkere. Harufu haikugeuka.

Siku ya kwanza Zefania alisimulia Burma yote. Siku ya pili alisimulia nusu, kichwa kikamuuma, akanyamaza. Makarani wa ofisini walikuja kuchungulia kati ya miti. Mwenye duka mmoja Mhindi naye akaja, akasimama kwa muda, akasema kwao mambo haya yapo, ila wanaoyaweza hawaongei sana. Siku ya tatu Zefania aliinuka kitandani, na magoti yakamwambia akae.

Alikaa, akafikiri kama alivyofundishwa kazini. Simu ya upepo ikizima hupigi kelele. Unakagua kitu kimoja baada ya kingine. Jua lipo, tena maradufu. Betri ni ile ile. Waya ni ule ule, yaani macho na ngozi. Kutulia, anatulia kuliko nyumbani, maana hapa hakuna wa kumtuma kuni. Kitu gani hakipo? Akapapasa kichwani mwake siku yake ya kawaida, kuanzia alfajiri: anapanda, anakaa, Yunisi anamwita chini aonje, anashuka, anaonja, anapanda.

Aliitazama kata ya maji kwa muda mrefu sana.

Halafu akafanya hesabu ya pili, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Wiki haikuwa ndefu. Alikuwa amewahi kukaa na njaa Burma mvua ilipokata njia, na hakufa. Akilala tu, asinyanyuke, akanywa maji, angefika mwisho wake. Angetoka pale akiwa amebebwa, lakini angetoka mshindi, mwalimu wa jua, na vijiji vingemwinulia shingo kutoka Ikungi hadi Iramba. Na malori yangekuja na nusu. Aliuona ugali ule ulioletwa kwa watu watatu ukiwa wa mtu mmoja, akaugawa mara mbili kichwani, akamwona Dina akiuangalia.

Bwana Karanga alikuja saa sita, amevua kofia, uso umejaa wasiwasi wa kweli. Alimkuta Zefania amelala chali. Alimgusa paji la uso, akalitazama ziwa, na mara uso ukamng'aa.

"Ni mvuke wa chumvi!" alisema. "Ziwa hili latoa mvuke, nao wazuia mionzi. Ndiyo, ndiyo. Si kosa lako hata kidogo. Nitakurudisha leo hii kwako, juu ya paa lako, tuanze upya, nami nitakaa nawe na kushuhudia."

Zefania alimwelewa vizuri kabisa. Alikuwa amefunguliwa mlango mpana, uliofagiliwa na kuwekewa mkeka. Angerudi kwake, kwenye paa lake, na chini ya paa Yunisi na mitungi yake. Akiwa pale hakuna mtu duniani ambaye angemshinda. Angeweza kuendelea kutokula mpaka uzeeni, mzungu akiwa shahidi.

"Bwana," alisema polepole, "jua la hapa ni zuri. Halina kosa."

"Basi ni nini?"

"Ni njaa, bwana."

"Njaa ya namna gani?"

"Ile ile. Ya watu wote."

 Nyuma ya Bwana Karanga, Stefano alikuwa ameshafunua bakuli lake: ugali wa uwele, na mlenda ukivutika kama nyuzi. Zefania alijiburuta mpaka kwenye miti ya ua, akapitisha mkono.

"Ndugu yangu, nimegee."

"Nawa kwanza," alisema Stefano.

Akanawa. Akala chakula chote cha tarishi wa serikali, mbele ya bwana shauri mdogo na makarani waliokuwa wamekuja kutazama mtu asiyekula. Mmoja wao alianza kucheka, na wengine wakamfuata, na mmoja akapiga mluzi. Zefania alisikia kila mlio. Hakuinua uso. Bwana Karanga peke yake hakucheka. Alisimama na punje ya karanga shavuni, akimtazama mtu wa pekee aliyewahi kumwelewa akilamba vidole.

"Taratibu," alimwambia mwishowe, kwa upole. "Tafuna mpaka iwe maziwa."

Malori yaliondoka na kipimo kamili. Zefania alipewa nafasi juu ya magunia ya lori la kwanza, na kwa hiyo alirudi kwao akiwa juu ya mahindi, jambo ambalo lilionekana kijijini kote kabla hata hajashuka. Watoto walikimbia pembeni ya magurudumu wakiimba, "Betri imekufa! Betri imekufa!"

"Shuka, mwalimu," Andrea alimpokea. "Duka lako limefungwa? Haya, njoo tupange foleni kwa dalali."

Alishuka, akapanga foleni. Jumbe Alphonce aliyekuwa anasimamia kipimo alimtazama, akatazama magunia, akamjazia kikapu mpaka kikamwagika. Wakati huo wazee hawakumpisha tena njiani. Mmoja alimkanyaga.

Nyumbani Yunisi alimzunguka mara moja.

"Umekonda," alisema. Katika mambo yote ya msimu ule, hilo halikuwa limetamkwa bado.

"Mama Dina, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kile kinywaji. Kwamba ndicho."

"Mtama nautia mle ndani mimi, kwa mikono yangu, kikapu baada ya kikapu. Ulidhani unakwenda wapi?"

"Lakini serikali ilisema wazi..."

"Serikali haijawahi kuosha mtungi wangu," alisema Yunisi, akamsukumia ungo wa mahindi. "Chambua. Yana wadudu."

Alichambua. Jioni walikula ugali wa mahindi ya serikali, mweupe, usio na ladha, ambao kila mtu aliulalamikia na hakuna aliyeubakiza. Dina alipewa wa kwake na akashindwa kuumaliza, na Zefania aliutazama ule uliobaki kwenye sahani ya mtoto kwa furaha ambayo hakumweleza mtu.

Bwana Karanga alihamishwa kabla ya mavuno. Ilisemekana amepelekwa sehemu yenye kabichi. Zefania aliendelea kupanda tembe asubuhi, kwa ajili ya kuota jua tu, alieleza, kama mjusi yeyote. Jina la Betri lilimganda. Aliitikia bila kinyongo, na miaka mingi baadaye wajukuu walidhani ndilo jina lake la ubatizo. Akiulizwa habari za vita, alisimulia. Akiulizwa habari za ua wa Singida, alisema palikuwa na upepo mzuri.

Mwaka uliofuata ule wa ukame mvua zilichelewa tena, na tangazo likasomwa tena, neno kwa neno: pombe si chakula, haitii nguvu kwenye misuli. Jumbe Alphonce alilisoma vizuri kuliko mara ya kwanza. Alipomaliza alikunja karatasi, akashuka kwenye sanduku, akaenda kukagua shamba la mihogo la serikali, ambako watu wake walikuwa wanalima tangu alfajiri, Zefania akiwa mstari wa mbele. Aliwakuta wamevuka katikati ya shamba, wanaimba, majembe yanakwenda pamoja, na jua bado halijawa kali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekula. Walikuwa wamekunywa tu.